Utamu Katika Tangi la Sita

Jumatatu, 2 Machi 1987. Kingarth, Tasmania.

Leo ni miaka arobaini na miwili, miezi minne na siku ishirini tangu nipande meli kuondoka Latvia. Nahesabu mpaka siku kwa sababu miaka peke yake hudanganya. Thelathini na saba kati ya hiyo nimeiishi katika bonde hili.

Mavuno ya hopi yameanza. Mashine zinanguruma tangu alfajiri, na upepo ukitoka mtoni mji mzima hunuka yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu wake. Ndivyo ninavyokumbuka. Nina mafua siku ya nne sasa, na leo sikunusa kitu.

Jumanne, 3 Machi

Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, waonjaji sita tunakaa chumba cha juu cha kiwanda cha bia cha Ferrier. Nilistaafu miaka miwili iliyopita, lakini kiti changu mezani kilibaki. Siku ya kuonja hatupigi mswaki, hatunywi kahawa. Taa ni nyekundu ili jicho lisiusaidie ulimi. Bia tunazozihukumu zote ni chungu, maana watu wa hapa hawataki nyingine: rangi ya shaba, kavu, na uchungu usio na haraka, unaofika nyuma ya koo baada ya kumeza na kukaa hapo kama mgeni asiyeaga. Ndiyo sababu wenzetu wa mvinyo hutema na sisi tunameza. Baani wanainywa baridi ya kutia meno ganzi. Sisi tunaiacha ipoteze baridi kwanza, kwa kuwa baridi huficha makosa.

Kabla ya kazi yenyewe kuna glasi tatu. Mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine, nawe useme ipi ndiyo tofauti. Ukikosea, Noreen Bascombe, mkuu wa maabara, anachora msalaba mwekundu mbele ya jina lako ukutani. Misalaba mitatu katika msimu mmoja, unaondoka mezani. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe, mwaka 1968.

Leo nilikosea.

Ijumaa, 6 Machi

Nimepata. Nilibahatisha.

Jumanne, 10 Machi

Nimekosea tena. Msalaba wa pili.

Noreen aliuchora taratibu, kama anayemsitiri mtu. Col Haddrick hakunisitiri. Col ndiye mkuu wa matangi, tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili, na hajawahi kuniita Ēvalds.

“Mzee Ev, leo pua umeiacha nyumbani pamoja na meno?”

“Nina mafua.”

“Mafua wiki mbili? Wewe siku ukifa tutaambiwa una mafua.”

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona nimeshika komeo la mlango kwa muda mrefu bila kufungua.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua toka Jumatano. Nilikwenda kwenye tanuri la kukaushia hopi, shamba la juu, si kwa kazi bali kwa mazoea. Wanunuzi walikuwa wamesimama mlangoni na makoti yao, wote wana wimbo mmoja: maua yamenyeshewa, mwaka huu ni dhaifu, bia itakuwa laini.

Nilichukua konzi moja, nikaisugua viganjani kama nilivyofundishwa. Vidole viligandana. Unga wa njano uliingia kwenye mikunjo ya ngozi ukakataa kutoka. Maua dhaifu hayafanyi hivyo. Vidole vyangu vilisema mwaka huu una nguvu. Ulimi sikuuliza.

Jumanne, 17 Machi

Nimepata. Mvua.

Ijumaa, 20 Machi

Nimepata. Mvua. Mafua yamekwisha, hofu haikwenda nayo.

Jumapili, 22 Machi

Nitaandika hili mara moja, niachane nalo.

Mwaka 1949, katika kambi ya wakimbizi huko Ujerumani, watu wa Australia walikuja kuchagua wafanyakazi. Tulipanga mstari, tumevua mashati. Walitazama viganja kama vina sugu. Walitazama meno. Mwisho ilikuwa picha ya kifua. Mdogo wangu Alfons alikohoa, akamwambia daktari ukweli, kwamba majira ya baridi aliwahi kutema damu. Hakuulizwa. Alidhani ukweli utahesabiwa kuwa ni uungwana. Mimi niliulizwa kama goti langu ni zima, nami nikasema ni zima, nikachuchumaa na kusimama mara kumi huku limevimba ndani ya suruali. Mimi nilipanda meli. Alfons alibaki kambini, akafa mwaka 1951 katika hospitali ya wagonjwa wa kifua. Barua ya mwisho aliandikiwa na muuguzi.

Tangu siku ile sijawahi kumwambia mtu mwenye karatasi mkononi kwamba kuna kitu kinaniuma.

Jumanne, 31 Machi

Nimepata. Bado misalaba miwili.

Kazi huisha saa kumi jioni, na kila mfanyakazi hupewa glasi mbili za bia kabla ya kwenda kwake. Desturi ni kwamba bia hiyo huchotwa kwenye tangi linalofuata kutoka, ili watu wa kiwanda wawe wa kwanza kunywa walichokipika. Col hujipa nne. Zamu hii ni tangi la sita, la kwanza la hopi mpya, mapipa tisini kwa ajili ya tarehe 25 Aprili. Siku hiyo wazee waliopigana vita hukusanyika mnarani alfajiri, kisha hunywa mpaka jua lizame. Ndiyo siku kubwa kuliko zote katika mji huu.

Col alikuwa na malalamiko. “Ile pampu ya ubaridi inakunywa kuliko mimi. Kila wiki naiongezea dawa ya kuzuia maji yasigande, kila wiki imeshuka.”

“Itakuwa inavuja.”

“Inavujia wapi? Sakafu kavu kama mahubiri. Nenda nyumbani, mzee, kalale.”

Jumanne, 7 Aprili

Nimepata. Ile miti mirefu inayokinga mashamba na upepo imeanza kuwa ya njano.

Jumanne, 14 Aprili

Tangi la sita kwa mara ya kwanza.

Noreen alisema kabla hatujaanza: “Msishangae ikiwa laini. Mnajua mvua ilivyoyafanya maua.” Mkuu wa meza hapaswi kusema neno kabla ya watu kuonja. Nalo niliwahi kuliandika. Nilinyamaza, kwa sababu mwenye misalaba miwili hakosoi.

Nikanusa. Kimea, mkate uliokaushwa, hopi kwa mbali. Nikameza, nikangoja uchungu. Ulikuja, lakini mbele yake ulitangulia utamu. Haukuwa wa kimea wala wa bia changa, hizo nazijua. Ulikuwa utamu mnene, uliolala juu ya ulimi kama kitambaa na kukataa kuondoka. Nikameza tena. Upo.

Nikaandika: Tamu.

Kisha nikafikiri hivi. Hopi hizi zina nguvu, viganja vyangu viliapa. Bia ya hopi kali haiwezi kuwa tamu. Basi kilichoharibika si bia, ni mimi. Wenzangu watano walikuwa wameinama, penseli zinatembea, hakuna aliyekunja uso. Nikiacha neno lile, Noreen atalilinganisha na mengine, atatazama misalaba ukutani, na kwa upole mwingi ataniambia nipumzike.

Nikalifuta. Nikaandika: Laini kidogo, inakubalika, 14 kwa 20.

Mkono ulitulia kabisa. Ulikuwa ule ule uliotulia kambini.

Alhamisi, 16 Aprili

Col hakufika kazini. Wanasema kichwa na kutapika. Wanasema ni pombe, wanacheka.

Ijumaa, 17 Aprili. Ijumaa Kuu

Kiwanda kimefungwa. Ningeweza kujipima hapa nyumbani kwa dakika mbili: kijiko cha sukari, tone la siki, kitu kichungu. Nilifungua kabati, nikalifunga. Mtu asiyepimwa bado hajashindwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Ni Pasaka, lakini matangi hayana sikukuu, na Col amerudi, amevimba chini ya macho. “Ni mke wangu anapika sana,” alisema. Nilimuuliza kama bado anakunywa glasi zake nne. “Mzee, wewe ni padri?”

Jumanne, 21 Aprili

Tangi la sita kwa mara ya pili, na ya mwisho kabla halijatoka.

Ni tamu zaidi kuliko wiki iliyopita. Bia haizidi utamu kadiri inavyokaa, hukauka. Hilo analijua hata mfagizi. Nilikaa na glasi mkononi. Kwa jambo hili kulikuwa na maelezo mawili tu. La kwanza, kuna kitu kimeingia ndani ya tangi. La pili, ulimi wangu unaoza haraka, wiki kwa wiki. Nilichagua la pili. Niseme kwa usahihi: nilichagua lile ambalo lingekuwa siri yangu peke yangu.

Noreen alilamba midomo mara mbili, nilimwona. Halafu akauliza, kama kanuni inavyotaka: “Kuna anayetofautiana?”

Nilihesabu kimoyomoyo mpaka saba. Kulikuwa na ukimya wa watu sita.

“Basi inatoka Alhamisi,” akasema.

Jumatano, 22 Aprili

Mke wa Col, Glenys, alinipigia simu saa tatu asubuhi. Col amepelekwa Hobart kwa gari la wagonjwa. Tangu jana hajapata mkojo. Daktari anasema figo, na anauliza maswali ya ajabu, kama Col ana deni, kama ana huzuni, kama angeweza kunywa sumu kwa makusudi.

“Col ajiue?” Glenys akasema. “Col huyu ambaye alikataa kufa hata gari lilipompindukia? Wewe unamjua, Ev. Amekula nini huko kwenu?”

“Sijui,” nikasema.

Nilikata simu nikatoka bustanini bila koti. Pembeni mwa ukuta yameota majani ya mchunga. Nilichuma moja na mzizi wake, nikalisugua kwenye suruali, nikalitafuna.

Uchungu ulinikamata taya zote mbili. Ulikuwa safi, mkali, mzima, haujapungua hata chembe. Machozi yalinitoka. Nilitafuna la pili, la tatu. Nikaingia jikoni nikatia sukari ulimini: tamu, ya kawaida, ikayeyuka ikaenda zake. Haikulala kama kitambaa.

Ulimi wangu ni mzima. Kwa hiyo tangi la sita ni tamu kweli. Kwa hiyo kuna kitu ndani yake, na Col amekinywa glasi nne kila jioni kwa wiki tatu, na mimi nilikijua siku nane.

Nilipiga simu maabara, ikaita mpaka ikakatika. Niliwasha gari. Nilipofika getini niliambiwa Noreen yuko Hobart kwenye mkutano mpaka kesho. Yule mtu wa getini aliniuliza, “Nimpe ujumbe gani?” Nami nikasema hakuna ujumbe. Naandika hivi ili isije ikasahaulika: hata wakati ule, nikiwa najua, nilisema hakuna ujumbe. Nilirudi mpaka darajani, nikasimamisha gari, nikakaa humo robo saa, nikageuza. Nikamwambia mtu wa getini hakuna pipa la tangi la sita litakalotoka.

“Kwa amri ya nani?”

“Yangu.”

“Wewe umestaafu, mzee. Na kumi na moja yameshatoka asubuhi. Yamekwenda juu bondeni, kwenye ile baa ya njia panda. Lori la huko haliji Alhamisi, kwa hiyo yalitangulia.”

Sikuipigia ile baa wala hospitali; nilijiambia neno la mstaafu halitoshi, nikamngoja Noreen.

Alhamisi, 23 Aprili

Nilikuwa mlangoni pa maabara saa kumi na mbili asubuhi. Malori mawili yalikuwa yameegeshwa, nyuma wazi. Noreen alifika saa moja kasoro.

“Ev? Kuna nini? Ni Col?”

“Usitoe tangi la sita. Ni tamu.”

“Ni hopi. Tulishasema.”

“Hopi zina nguvu, nilizishika. Ni tamu na imezidi kuwa tamu. Nililiona tarehe kumi na nne. Nililiandika, nikalifuta.”

Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa karatasi zetu, akaikuta yangu, akaiinua mbele ya dirisha. Penseli ilikuwa imeacha alama yake. Akalisoma lile neno kwa sauti, taratibu, kama jina la marehemu.

“Kwa nini?”

“Misalaba miwili.”

“Misalaba?” Sauti yake ilipasuka. “Ev, ningekufutia misalaba yote kwa neno moja hilo!”

Hakungoja jibu. Alikimbia chini akipiga kelele malori yafungwe. Alichota glasi kutoka tangini, akatia kidole, akalamba, akatema sakafuni. Ndipo tukaenda kwenye pampu ya ubaridi. Pipa la dawa lililokuwa pembeni yake halikuwa letu. Letu, lisilodhuru mtu, lilikwisha mwezi Februari, na jipya lilikuwa bado stoo. Lile lilikuwa la gereji, la kutia kwenye injini za malori, nalo ni sumu tamu. Bomba la ubaridi linapita ndani ya tangi la sita, na mahali fulani humo lina tundu dogo kama la sindano. Wiki zote hizi pampu ilikuwa ikisukuma dawa ndani ya bia. Ndiyo maana sakafu ilikuwa kavu.

Noreen alimpigia daktari wa Hobart kwanza, akamwambia ni dawa gani Col amekunywa. Kisha ile baa ya njia panda. Nilisimama karibu, nikasikia ikiita.

Mapipa tisa yalikuwa hayajafunguliwa. Mawili yalifunguliwa jana jioni. Wakata manyoya ya kondoo kumi na wanne walikuwa wamemaliza kazi yao ya msimu, wakayanywa.

Ijumaa, 24 Aprili

Kumi na wawili wamepatikana na kupimwa. Wawili walikwishaondoka, mmoja kuelekea kaskazini, mwingine hakuna ajuaye. Noreen na polisi wanapiga simu mashambani. Wafanyakazi wa kiwanda nao wamepimwa, na glasi zao mbili hazikuwafikisha alikofika Col. Mimi nimekaa karibu na simu yangu. Sikula.

Daktari ameeleza jambo ambalo sijui kama nicheke: pombe yenyewe huizuia sumu ile kwa muda. Kadiri walivyokunywa ndivyo walivyojikinga, mpaka watakapoacha.

Jumamosi, 25 Aprili

Alfajiri nilikwenda mnarani, nikasimama nyuma, nje ya ua. Wazee walikuwa na medali zao, pumzi zinatoa moshi. Nilihesabu: sitini na watatu. Baani walipewa bia ya chupa kutoka mji mwingine, wakanung’unika kwamba ni maji. Niliwasikia wakinung’unika, nikashukuru.

Saa nane mchana wa kumi na tatu amepatikana. Mzima.

Jumapili, 26 Aprili

Wa kumi na nne alikuwa amelala kwa dada yake, kilomita ishirini kutoka hapa. Alipelekwa akiwa anatapika. Atapona, wanasema. Daktari anasema ilikuwa imebaki nusu siku tu ya kumwahi.

Nusu siku. Pale darajani nilikaa robo saa, kisha nikangoja usiku mzima.

Jumatano, 29 Aprili

Nilikwenda Hobart kumwona Col. Amelazwa karibu na dirisha, mashine inasafisha damu yake, ngozi imekuwa rangi ya jibini. Glenys alitoka ili tuzungumze.

“Njoo, mzee muuaji,” Col akasema.

Nilisimama hapo hapo.

“Kaa, natania. Kidogo tu. Noreen amenieleza.” Akapumua. “Kweli uliliandika ukalifuta?”

“Kweli.”

“Tarehe kumi na nne.”

“Tarehe kumi na nne.”

“Daktari anasema ningeacha siku ile, figo zingerudi. Sasa labda moja, nusu.” Alinyanyua mkono wenye mirija. “Mimi nami nilichota dawa ya malori, nikaona baridi ni baridi. Nilikuwa mvivu kupanda ngazi za stoo. Basi mimi mvivu, wewe mwoga. Sote wawili tungefaa kufukuzwa na Ferrier mwenyewe.”

“Sikukuogopa wewe, Col. Wala Noreen.”

“Najua. Uliogopa ule ubao.” Alifumba macho. Nilidhani amelala. Akasema bila kuyafumbua: “Mimi huwa nakutania kuhusu pua kwa sababu ni pua nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Ungekuwa na pua mbovu ningekuonea huruma. Hukulijua hilo? Miaka ishirini na miwili?”

Sikulijua. Nilimwambia sikulijua.

“Mjinga wewe,” akasema. “Nipe maji. Wananipimia kwa kikombe cha yai.”

Nilimpa maji. Aliyanywa kidogo kidogo, akiyaweka mdomoni kwanza kama mwonjaji.

Ijumaa, 8 Mei

Theluji ya kwanza juu ya mlima. Noreen alikuja nyumbani na gari la kiwanda, akakaa jikoni bila kuvua koti. Alileta karatasi zote sita za tarehe kumi na nne. Hakuna aliyeandika utamu. Yeye mwenyewe alikuwa ameuonja, alisema, akaudhania kuwa ni mvua. Wengine wawili wamekiri vivyo hivyo. Watu sita, ndimi sita nzima, na kila mmoja alimngoja mwenzake akunje uso.

“Misalaba nimeifuta,” akasema. “Ubao nimeushusha. Mtu atakayeonja kitu asichokielewa atasimama aseme, na hakuna atakayeandika jina lake mahali popote. Lakini nahitaji wewe uwepo, Ev. Hakuna mwenye ulimi kama wako. Tumeona sasa.”

“Ulimi wangu ndio ulikuwa unasema kweli wakati wote,” nikasema. “Ni mimi niliyeunyamazisha. Meza ile haihitaji ulimi tu. Inahitaji mtu anayeweza kushindwa mbele ya watu, nami sijaweza tangu mwaka 1949. Nina miaka sitini na saba.”

“Unaweza kujifunza.”

“Kwa figo za nani?”

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akakusanya karatasi. Mlangoni akaniuliza kama kiti akiache wazi mpaka msimu ujao, nifikirie.

Nilimwambia amweke mtu mwingine. Sitarudi.